Wifi alinikuta nacheka uani, mume wangu yuko ndani mgonjwa

Dada, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, naishi Mikindani, mama wa watoto watatu. Naomba jina langu lisitajwe, huku tunajuana sana.

Mume wangu alianguka mwaka juzi mwezi wa sita, shambani, mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, ikiwa mgongoni. Mwanzo tulidhani ni jua, au ile dawa imempanda kichwani. Kumbe kiharusi. Alikuwa na presha, akawa anameza vidonge, halafu akaviacha kwa sababu alijisikia mzima. Upande wa kulia wote ulilala. Sasa hivi anaweza kukaa kwenye kiti, na akishikwa anaburuta mguu mpaka mlangoni, lakini mkono bado, na maneno hayatoki. Anachotaka kusema anakijua, namwona machoni, ila mdomoni kinatoka "ndiyo, ndiyo" hata pale anapotaka kukataa. Huyu alikuwa mtu wa kusimulia kisa baraza zima likanyamaza kumsikiliza.

Msimu ule mikorosho haikupata salfa ya kutosha, ugonjwa wa ubwiriunga ukala maua. Kidogo tulichopata kiliishia hospitali. Msimu uliofuata tukauza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini, korosho hazijadondoka bado, maana hela ilihitajika siku ile na mnada ulikuwa mbali. Wenzetu walipokuwa wanapokea malipo yao ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, sisi hatukuwa hata na gunia la kupeleka ghalani. Nikakopa. Mikopo hii ya kausha damu unaijua, sina haja ya kukueleza. Marejesho ni kila Ijumaa.

Kinachotulisha sasa ni kubangua. Tuko wanawake wanne, kuna mama anatuletea korosho, tunambangulia kwa kilo. Tulikuwa tunakaa uani kwangu kwa sababu mimi siwezi kuondoka nyumbani. Kazi yenyewe ngumu. Moshi wa kukaangia unawasha macho, mafuta ya ganda yakikugusa yanababua ngozi, kwa hiyo tunajipaka majivu mikononi. Unaweka korosho juu ya jiwe, unagonga kwa kigongo kwa kipimo, itoke nzima, maana iliyovunjika bei yake nyingine. Lakini nikwambie ukweli, ndiyo ilikuwa saa yangu pekee ya kujisikia mtu. Mmoja wetu anajua nyimbo za zamani za harusi na za unyago, anaanzisha, tunapokea. Mwingine anatuigizia watu wa mtaani wanavyotembea, tunacheka mpaka machozi yanachanganyika na majivu.

Siku moja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaingia. Alipiga hodi hatukusikia kwa kicheko. Akapita moja kwa moja chumbani, akamkuta ndugu yake analia. Akatoka, akasimama mlangoni, akasema mbele ya wenzangu: "Mdogo wangu analia ndani, wewe unacheka uani." Hakuongeza neno. Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Dada, maneno yale hayajanitoka mpaka leo. Niliwaomba wenzangu wahame, sasa wanabangulia nyumba ya tatu, mimi wananiletea fungu langu nabangua peke yangu. Siku ya kwanza waliyohama mume wangu alikataa kula mchana na usiku, nikaona ni ugonjwa tu. Tangu hapo siimbi. Redio siwashi. Kwenye shughuli za watu natuma mchango, mwenyewe siendi. Kuna doti ya kanga niliyoletewa na binti yangu aliyeko Dar es Salaam, iko sandukuni, nikiivaa watasema.

Siku zote zinafanana. Asubuhi namwosha, namlisha uji, nabangua, napika, nafua, namlaza. Nakula sisikii ladha. Kuna usiku nakaa macho naona afadhali kusikuche.

Sasa limekuja jingine. Marehemu dada yangu aliacha binti, analelewa na kaka yetu Newala. Disemba shule zikifungwa anachezwa unyago. Dada yangu kabla hajafariki alinishika mkono akaniambia, siku mwanangu anatoka ndani, usimame mahali pangu. Kwetu mama mdogo ni mama. Kaka ameshanitumia ujumbe kwamba wananitegemea, na kule lazima ucheze, huwezi kusimama pembeni kama mgeni. Wifi amesikia. Kamwambia jirani kwamba mwanamke mwenye mume mgonjwa akienda ngomani, huyo keshamzika mumewe moyoni.

Naomba unisaidie. Je, ni haki mimi kufurahi na mume wangu yuko vile? Newala niende au nisiende? Na kama sitakuwa na hata kitu kimoja cha kunifurahisha, nitaishi vipi? Maana hakuna aliyeniambia haya yataisha lini.

Mbanguaji, Mikindani

---

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana, na ahsante kwa kuandika kwa uwazi hivi.

Kabla ya wifi na kabla ya Newala, nataka tuzungumze kuhusu mstari mmoja ulioupita haraka: kwamba kuna usiku unakaa macho unaona afadhali kusikuche. Sitaki kuuruka. Mtu anayemuuguza mwenzake muda mrefu huchoka mpaka akawaza hivyo, na wengi huona aibu kusema. Lakini ukiweka pamoja usingizi uliopotea, chakula kisicho na ladha, nyimbo ulizoziacha na watu uliowakwepa, inawezekana kabisa umeshaingia kwenye sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mweleze mhudumu kama ulivyonieleza mimi, kwa maneno yale yale, na umwombe akuelekeze kwa mtu wa afya ya akili. Na kama mawazo yale yamewahi kufika mahali pa kutaka kujidhuru, au yakifika, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe mwanao, mgongee mmoja wa wale wenzako watatu, mwende hospitali usiku huo huo. Naamini hakuna hata mmoja wao atakayeona umemsumbua.

Sasa nirudi kwenye lile ulilouliza. Ninavyokuelewa, mumeo aliugua, fedha zikaisha, na katika hayo yote ulibakiwa na kitu kimoja kinachokuinua, kicheko cha uani. Maneno ya mtu mmoja yakakifunga. Tangu siku hiyo umekuwa ukijihukumu kwamba furaha yako ni wizi, kwamba kila unapocheka unamnyang'anya mgonjwa kitu. Na sasa unaitwa mahali ambapo lazima ucheze, kwa ahadi uliyompa dada yako akiwa anaondoka duniani. Nikikosea, nirekebishe.

Ningependa tuyatazame yale maneno ya wifi polepole, maana yamebeba nyumba yako nzima. Alimkuta ndugu yake analia, akawasikia ninyi mnacheka, akaviunganisha. Ni rahisi kuviunganisha. Lakini je, tunajua mumeo alikuwa analilia nini? Nauliza kwa sababu kiharusi kinaweza kuharibu ile sehemu ya ubongo inayozuia kilio na kicheko. Wagonjwa wengine hububujikwa na machozi kwa jambo dogo kabisa, kwa wimbo, kwa kumwona mtu wanayempenda, na wakati mwingine bila huzuni yoyote moyoni. Wengine hucheka pasipo cha kuchekesha. Wauguzi wa wagonjwa wa kiharusi wanaijua hali hii, ila familia nyingi haziambiwi, zinabaki zikihesabu kila chozi kuwa ni uchungu. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa mumeo. Huenda kweli alikuwa analia kwa uchungu, maana takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu wa kiharusi hupatwa na sonona, na mwanamume aliyekuwa msimuliaji wa baraza akipoteza maneno ana haki ya kulia. Ninachosema ni kwamba wifi hakuuliza, na wewe pia hukuuliza. Wote wawili mliamua kwa niaba yake.

Halafu kuna jambo jingine umeliandika kama la kupita tu. Siku wenzako walipohama, mumeo alikataa kula mchana na usiku. Wewe uliona ni ugonjwa. Huenda. Lakini mimi niliposoma nilijiuliza kama naye alikuwa anaisubiri ile saa ya uani. Fikiria mtu amekaa chumbani kutwa, hawezi kusema, hawezi kutoka bila kushikwa. Sauti za wanawake wanne wanaoimba na kutaniana nje ya dirisha zinaweza kuwa ndiyo dunia yake iliyobaki. Inawezekana pia nimekosea kabisa: inawezekana kicheko kile kilikuwa kinamwumiza, na siku ile tumbo lake halikuwa sawa. Au ilikuwa shida ya kumeza, na hili uliangalie sana. Kama anakohoa au kupaliwa akinywa maji au uji, mweleze daktari mapema, maana chakula kikipita njia ya hewa huleta nimonia.

Njia ya kujua ni moja, kumuuliza. Najua utasema kila kitu kwake ni "ndiyo". Basi usitegemee mdomo wake. Muulize swali moja, fupi, kisha umpe njia ya kujibu kwa mkono wa kushoto: akubane kidole akikubali, auachie mkono wako akikataa. Au weka vitu viwili mbele yake aguse anachotaka. Anza na maswali ambayo jibu lake unalijua, mpate kuzoeana, ndipo uje kwenye lile kubwa: wenzangu warudi uani? Mpe muda. Wanaopoteza maneno huhitaji muda mrefu kuliko tunavyovumilia sisi wenye haraka ya jikoni.

Na hapa nina jambo ambalo nimelisubiri tangu nilipoanza kukuandikia. Watu wengi walionyang'anywa maneno na kiharusi wanaweza kuimba. Mtu anashindwa kusema "naomba maji", lakini ukimwanzishia wimbo aliouzoea tangu utotoni, maneno yanatoka, mengine yakiwa kamili. Wataalamu wa kufundisha kuongea wanautumia uwezo huu katika tiba. Sikuahidi kwamba itakuwa hivyo kwake, wengine hawawezi. Lakini wewe una nyumba iliyokuwa ikiimbwa kila siku, na mwenzako mwenye hazina ya nyimbo za zamani anakaa nyumba ya tatu. Jioni moja, mkiwa wawili tu, mwanzishie wimbo anaoujua, wa harusi yenu labda, au kaswida ya maulidi aliyokuwa akiipenda. Usimtake aimbe. Imba wewe, uone midomo yake inafanya nini.

Ikiwa ataridhia wenzako warudi, yapo mengi ya kujaribu. Kiti chake kinaweza kuletwa uani, upande ambao moshi hauendi, maana moshi wa korosho si mzuri kwa mtu yeyote, sembuse mgonjwa. Mkono wake wa kushoto ni mzima. Zile korosho zilizokwisha menywa, nzima na vipande, zinahitaji kuchambuliwa. Sijui atalichukuliaje hilo. Mwenye mikorosho yake kukalishwa na wanawake achambue vipande, anaweza akaona amedhalilishwa, na ukilazimisha utakuwa umemwumiza kwa nia njema. Anaweza pia akaona ni mara ya kwanza tangu aanguke kupewa kazi yenye faida badala ya kuoshwa na kulishwa. Muulize kwa kidole, na akikataa mara ya kwanza, acha.

Sasa wifi. Nimejitahidi kumwona na yeye. Dada mkubwa aliyembeba mdogo wake mgongoni, leo anamkuta hivyo, na hana la kufanya. Huzuni isiyo na kazi hutafuta mtu wa kumlaumu, na uliyekuwa karibu ni wewe. Haimpi haki ya kukuvunja mbele za watu, wala ya kukupeleka kwa majirani. Lakini kama anakuja mara moja moja, anakaa dakika chache, anaondoka na machozi, hajui usiku wako ulivyo. Mnaweza kuendelea kuishi kimya hivi, na wapo wanaoishi hivyo miaka. Unaweza kumwambia mtu mzima wa upande wao, mjomba au shemeji mnayeheshimiana, amweleze. Hatari yake ni kwamba likishapita mikononi mwa watu litageuka kesi ya ukoo. Au unaweza kwenda mwenyewe, bila utetezi, ukamwambia: "Wifi, nimechoka, naomba siku yako moja kwa wiki ukae na mdogo wako." Anaweza kukukatalia. Anaweza kukubali, akaja na jicho la kukagua sufuria zako, nalo litahitaji uvumilivu. Ila akikubali, atamwona mgonjwa kwa kutwa nzima, atamsikia akilia na kunyamaza, atamlisha yeye mwenyewe, na pengine atalijua jambo ambalo maneno yako hayawezi kumfundisha.

Umeuliza kama ni haki kufurahi. Mimi si shehe, na kwa hukumu ya dini muulize mwalimu unayemwamini. Lakini nakumbuka kisa cha Salman al-Farisi na ndugu yake Abu Dardaa, kilichomo katika hadithi za Bukhari. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama kuswali usiku kucha, nyumba yake na mwili wake vikasahaulika. Salman akamzuia, akamwambia Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wa nyumbani kwako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki, haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume, akasema Salman amesema kweli. Kisa hiki hakikwambii uende Newala. Nafsi yako imo katika orodha, na mumeo pia yumo, na hakuna aliyefutwa ili mwingine apate nafasi.

Nikuulize wewe mwenyewe kitu. Tangu uache kucheka, mumeo amepata nini? Amepata usingizi zaidi, nafuu ya mkono, utulivu? Au nyumba imekuwa kimya kwenu wote wawili na hakuna aliyefaidika? Jibu unalo wewe, siwezi kulijua nikiwa mbali. Na upande wa pili, kuna siku ulicheka ili usisikie? Kuna siku alikuita ukachelewa kwa sababu ya gumzo? Kama ipo, hilo ndilo la kurekebisha, na unaweza kulirekebisha bila kuifunga furaha yote: mpe kitu cha kugonga kando ya kiti, mmoja wenu awe anaingia kumtazama kila mara.

Naona pia umeweka maisha yako yasubiri. Ladha itarudi akipona, kanga itavaliwa akipona. Ukweli ni kwamba kiharusi hakina kalenda. Nafuu kubwa mara nyingi huonekana miezi ya mwanzo, lakini mazoezi yanaweza kuendelea kusaidia hata baada ya hapo, kidogokidogo, kwa hiyo mumeo bado aonwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na vidonge vya presha visikatike hata akijisikia vizuri, maana aliyepata kiharusi mara moja yuko hatarini kupata tena. Huo ni uuguzi wa muda mrefu. Hata wale wanaotibu sonona huanza na hatua ndogo: mtu anarudishiwa shughuli moja aliyokuwa akiipenda, anaifanya kabla hata hamu haijaja, na hamu kwa wengi hufuata nyuma. Kwako inaweza kuwa wimbo mmoja wakati wa kugonga, peke yako. Inaweza kuwa kuivaa ile doti kwenda dukani. Inaweza kuwa kushuka pwani maji yakipwa, mwanao akikaa na baba yake, urudi kabla ya magharibi. Usiipange ikawa kazi nyingine juu ya kazi. Ikishindikana leo, basi, leo imeshindikana. Na kama baada ya kujaribu bado huoni ladha ya chochote, hiyo ndiyo sababu nyingine ya kumwona mtaalamu niliyemtaja mwanzo.

Kuhusu mikopo niseme kwa ufupi. Furaha hailipi marejesho ya Ijumaa. Keti na mmoja wa watoto wako wakubwa, andikeni kila deni, nani na kiasi gani, na usichukue jipya kulipa la zamani kabla hamjajua jumla. Kama shamba litapuliziwa salfa msimu ujao kwa kugawana na ndugu mwenye nguvu, makubaliano yaandikwe, yawe na mashahidi, ili korosho zifike mnadani badala ya kangomba.

Newala sasa. Kwanza nimefurahi kusikia wamengoja shule zifungwe, mtoto atarudi darasani Januari na wenzake. Ninaloliona ni kwamba umejipa njia mbili tu, kwenda au kutokwenda, na katikati yake yapo mengine.

Ukienda siku zote za ngoma, utakuwa umetimiza ahadi kama ilivyosemwa, na pengine ndizo siku chache utakazolala usingizi wa mtu asiyeamshwa. Lakini utahitaji mtu wa uhakika wa vidonge, wa chakula, na wa kumshika akisimama, maana akianguka itakuwa taabu juu ya taabu. Mwanao wa kiume, kama unaye na umri wake unaruhusu, anaweza kumwogesha baba yake, na pengine mumeo atajisikia huru zaidi. Wajaribu kabla: toka nusu siku, kisha siku nzima, uone wanafikaje. Ukienda kwa ile siku ya kutoka mwali peke yake, ulale usiku mmoja urudi, mzigo ni mwepesi, ila Disemba mvua imeshaanza na njia ya Nanyamba na Tandahimba unaijua, usafiri unaweza kukuchelewesha.

Njia nyingine ni kumuuliza kaka yako na kungwi ni yapi hasa lazima yafanywe na wewe kwa mwili wako, na yapi anaweza kuyasimamia mama mwingine wa ukoo kwa niaba yako. Huenda wakakubali mwali akishatoka aletwe Mikindani, umtunze, umvishe, umchezee hapo uani. Gharama ya nauli ipo, na wengine watasema si sawa na kusimama Newala. Nawe utabaki ukijiuliza kama dada yako angeridhika. Hilo ni lako kulipima, wewe ndiye uliyeshikwa mkono.

Na unaweza kutokwenda kabisa. Lina heshima yake pia, kama umeliamua kwa sababu hali ya mumeo hairuhusu. Ninachokihofia ni ukiacha kwa sababu ya maneno ya wifi tu, halafu uchungu wa kukosa ukauelekeza, bila kutaka, kwa mgonjwa asiye na kosa. Vyovyote utakavyochagua, zawadi za mwali zisitoke kwenye mkopo mpya. Mtoto wa marehemu dada yako anakuhitaji wewe kuliko bahasha.

Lipo swali moja ambalo kwenye barua yako yote halimo, na nimelitafuta: mumeo mwenyewe anataka uende? Anamjua huyo binti? Aliwahi kumpakata, kumpa jina la utani? Alikuwepo ulipoahidi? Kaa naye, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya wako, umwambie habari yote, pamoja na yale aliyoyasema dada yake kama unaona anaweza kuyabeba, halafu umuulize. Kisha niandikie amejibu nini. Nitakusoma kwa hamu, na tutaendelea kutoka hapo.